Filamu ya kutisha kuhusu hofu ya ushetani Marekani miaka ya 80: mwenye pembe aonekane au asionekane?

Kalamu_ya_Nta

Wakuu, heshima kwenu.

Naandika mswada wa filamu ya kutisha pamoja na rafiki yangu, na tumefika mahali tunagombana. Hadithi inatokea Marekani, vuli ya 1985, kwenye mji mdogo wa kubuni jimboni Ohio. Vijana wanne wa sekondari hukutana kila Ijumaa jioni katika chumba cha chini ya nyumba kucheza Dungeons & Dragons. Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: mmoja ni msimuliaji, wengine kila mmoja ana mhusika wake (mpiganaji, mwizi, mchawi, kasisi), na dadu ndizo zinazoamua kama upanga umefika au umepita kando. Watu wanakaa mezani, wanatafuna bisi, wanabishana juu ya kanuni mpaka usiku mkubwa. Ushetani uliowatia hofu watu wa wakati ule ndio huo.

Mama wa kijana mmoja anakuta karatasi chini ya godoro la mwanawe. Juu pameandikwa jina la mchawi, chini yake orodha ya uchawi anaoweza kuufanya kwa siku. Kesho yake karatasi iko mikononi mwa mchungaji wa vijana. Jumapili inasomwa kanisani. Wiki inayofuata mwalimu aliyekuwa akiwaachia vijana darasa lake baada ya masomo anaitwa ofisini ajieleze. Kisha mmoja wa wale wanne anapotea.

Hapo ndipo ugomvi ulipo. Rafiki yangu anataka theluthi ya mwisho kitu kitoke chini ya sakafu: pembe, moshi, sauti nzito, vyote. Anasema mtu aliyelipia filamu ya kutisha akikaa saa moja na nusu bila kuliona zimwi atadai hela yake irudi. Mimi moyo unakataa, ila kila nikitaka kumweleza kwa nini, naishia kusema "hapana bwana, siyo hivyo," na hiyo si hoja.

Naombeni mawazo, hasa kwa waliosoma habari za kipindi kile au wanaotengeneza filamu. Na tafadhali, kama mchezo ni dhambi au si dhambi tusiujadili hapa. Mwenye hamu na hilo afungue uzi wake.

Santuri_Kinyume

Mpe pembe! Tena mapema!

Nasema hivi kwa sababu mnaosoma historia ile mkiwa na sura za msibani mnasahau jambo moja: vijana wenyewe walimpenda yule shetani. Si wa Biblia. Shetani wa jalada la santuri, mwenye fuvu na mwali wa moto, wa kuchorwa kwa kalamu nyuma ya daftari la hesabu. Alikuwa mwanasesere wao. Filamu ikiwaonyesha kama malaika wapole waliosingiziwa, itakuwa imewaonea kwa namna nyingine. Kijana wa miaka 15 anayevaa fulana yenye fuvu anajua vizuri bibi yake ataruka. Ndiyo maana kaivaa.

Watengeneza filamu wa wakati ule walilijua hilo. Mwaka 1986 kulikuwa na Trick or Treat, filamu ya kutisha juu ya mwanamuziki wa hevi metali (roki nzito ya magitaa) anayerudi kutoka kuzimu kupitia santuri inayopigwa kinyumenyume. Unajua nani aliigiza mhubiri wa televisheni anayeulaani muziki huo? Ozzy Osbourne, mwimbaji wa hevi metali. Yule yule ambaye wahubiri walimtaja kila walipotaka mfano wa mpotovu, kavaa suti na tai, anakemea uchafu. Sijaona dhihaka tamu kuliko hiyo.

Halafu umesema vuli ya 1985. Umejipatia zawadi bila kujua. Tarehe 19 Septemba 1985 kamati ya Baraza la Seneti ilikaa kusikiliza shauri la maneno machafu kwenye muziki. Waliolianzisha ni akina mama wa PMRC, kundi la wazazi lililotaka santuri ziwekewe onyo, mmoja wao Tipper Gore, mke wa seneta Al Gore, na bwana mwenyewe alikuwa kwenye meza ya kuuliza maswali. Akaja Dee Snider, mwimbaji wa bendi ya Twisted Sister, nywele kama simba, jinzi imechakaa, akatoa karatasi mfukoni akasoma hoja zake kwa utulivu kuliko walivyotarajia. Akaja mwanamuziki Frank Zappa. Akaja John Denver, mtu wa nyimbo za milimani na gitaa taratibu, wakidhani atakuwa upande wao, naye akapinga. Weka televisheni jikoni kwa yule mama, shauri likiendelea anapomenya viazi. Huhitaji mhusika wa kutueleza ni mwaka gani.

Ila pembe uniwekee. Filamu ya kutisha bila zimwi ni hotuba.

Masikio

Mleta mada, kazi yangu ni kuhariri sauti za filamu, na hoja unayoitafuta ni hii: ukimtoa mwenye pembe chini ya sakafu, umetoa hukumu. Mama alikuwa sahihi. Mchungaji alikuwa sahihi. Waliochoma vitabu walikuwa sahihi, tena walichelewa. Saa nzima umetuaminisha kwamba watoto wanaonewa, halafu mwishoni wewe mwenyewe unahamia upande wa wanaowaonea, na ushahidi umewaletea. Filamu nyingi za mada hii zinafia hapo hapo. Zinaanza zikiwacheka wazazi na kumalizia zikiwathibitisha, kwa sababu tu mtu wa vipodozi alishalipwa.

Kwa hiyo mwambie rafiki yako zimwi lipo, analitafuta chumba kibaya.

Angalia vitu vilivyo mezani. Kisanduku cha kuanzia cha 1983, chekundu, kilikuja na dadu za plastiki ambazo namba zake hazikutiwa rangi. Ndani mlikuwa na kalamu ya nta ya kuzijazia mwenyewe. (Naona mleta mada kalijua hilo, jina lake linamshitaki.) Watoto wanapaka dadu kwa kalamu ya chekechea. Sasa chukua kitabu cha msimuliaji cha 1979: jaladani kuna afriti mwekundu, jitu kubwa, kamshika mwanamke mkononi. Mtu ambaye hajawahi kuusikia mchezo, akiinua godoro akakutana na picha ile, moyo utamruka, na usimcheke. Vitu hivyo viwili vilikaa kwenye begi moja. Mama kaona jalada, kalamu ya nta hakuiona. Hiyo ndiyo filamu yako.

Sasa nikupe kitu cha kazini kwangu. Nyumba za kule zinapashwa joto kwa hewa inayopita kwenye njia za bati ndani ya kuta, kutoka chumba cha chini mpaka vyumba vya juu. Sauti nayo inapita humo. Anza filamu mezani, pamoja na vijana, tuwasikie wote: vicheko, bisi, "hapana, kasisi hawezi kubeba upanga, soma kanuni," mwingine anasema "basi muueni kasisi tuendelee," kicheko tena. Baada ya hapo rudia jioni ile ile, maneno yale yale, ila kamera iko jikoni na masikio yetu yako kwenye tundu la ukutani. Vicheko havifiki, bati linavimeza. Kinachofika ni vipande: "damu," "mtoeni," kimya, dadu zinagonga mbao, "muueni kasisi." Mama kashika kitambaa cha vyombo hasogei. Wewe mtazamaji unajua ni mchezo, ulikuwepo mezani, na bado ngozi inakusisimka. Hapo umemfanya mtazamaji aogope kama mama na kumwogopa mama kwa wakati mmoja. Hakuna pembe ya mpira itakayokupa hiyo.

Tena historia yenyewe ilianza kwa njia kama hiyo, kipande cha habari kilichofika bila vicheko. Agosti 1979, mwanafunzi wa miaka 16 (ndiyo, chuoni akiwa na miaka 16, alikuwa na kipaji cha kutisha) alipotea Chuo Kikuu cha Michigan State. Wazazi wakakodi mpelelezi binafsi. Mpelelezi akasikia kwamba kijana alicheza D&D na kwamba chini ya chuo kuna mahandaki ya mabomba ya mvuke, akaunganisha: huenda alikuwa akiucheza mchezo humo kwa vitendo, akapotelea kiza. Magazeti yakaichukua. Wiki chache baadaye kijana akapatikana Louisiana, hai, na shida zilizomkimbiza zilikuwa zile za kawaida na nzito: upweke, msongo wa masomo, huzuni ambayo hakuna aliyeiona. Mwaka uliofuata alijiua. Lakini nani ataacha hadithi ya mahandaki? 1981 ikawa riwaya ya Rona Jaffe, 1982 filamu ya televisheni, Tom Hanks akiwa kijana kabisa, akiigiza mchezaji anayeshindwa kutofautisha mchezo na maisha. Kwa hiyo yule mama wa Ohio, miaka mitatu baadaye, akiinua godoro, kichwani mwake filamu ilishachezwa. Anaitambua tu.

Na kama lazima zimwi liwe na umbo, lipe umbo la karatasi. Miaka ile walikuwepo watu wanaozunguka kufundisha polisi, walimu na wazazi semina za "uhalifu wa kishirikina," na semina hizo ziligawa orodha za dalili za kijana aliyeingia ushetani. Nimesoma kadhaa. Kavaa nguo nyeusi. Anasikiliza hevi metali. Anacheza michezo ya kufikirika. Anajifungia chumbani. Alama zimeshuka. Kabadili marafiki. Ni maelezo ya kila kijana aliyewahi kuzaliwa. Ibandike kwenye friji sini ya kwanza. Usiisemee. Kila tunaporudi jikoni, pawe na tiki mpya.

Bi_Rehani

Nimewasoma wote. Mimi ni mtu wa kanisa, na sababu ya kuandika ni kwamba naijua ile sura ya mchungaji ambayo mleta mada atajaribiwa kuiandika: mwembamba, jasho mdomoni, sauti ya nyoka, na mwisho tunagundua ana siri chafu. Naomba usiiandike. Imeandikwa mpaka imechakaa, na inampa mtazamaji raha ya bure ya kujiona yeye asingekuwa miongoni mwa wale.

Mwenye kuutangaza sana mchezo ule kuwa hatari hakuwa mchungaji. Alikuwa mama. Patricia Pulling wa Virginia, mwanawe wa miaka 16 alijiua Juni 1982. Yeye akaamini kwamba siku ile ile shuleni mhusika wa mwanawe alikuwa amewekewa laana mchezoni. Akamshitaki mkuu wa shule, akaishitaki na TSR, kampuni iliyochapa mchezo, mahakama hazikumkubalia. Mwaka 1983 akaanzisha kikundi cha kuupinga mchezo, BADD. Mwaka 1985 akakaa kwenye kipindi cha televisheni cha 60 Minutes, na upande wa pili akahojiwa Gary Gygax, mmoja wa wawili walioubuni mchezo.

Najua mtanitajia habari ya asilimia. Mwandishi Michael Stackpole, kwenye ripoti yake ya 1990, anaeleza jinsi mama yule alivyodai asilimia 8 ya watu wa eneo la Richmond wanashiriki ushetani kwa kiwango fulani, na alipoulizwa kaipataje akasema ni asilimia 4 ya vijana na asilimia 4 ya watu wazima, akajumlisha. Chekeni, na mimi nilicheka. Kisha rudini kwa huyu mtu na mfikirie anachokifanya na hesabu ile. Mtoto akifa kwa mkono wake mwenyewe, mzazi hubaki na swali ambalo mshale wake unamwelekea yeye. Akija mtu na kisanduku chekundu akasema "jibu ni hili," unakipokea kwa mikono miwili. Siwezi kumchukia. Waliompa kipaza sauti mwaka baada ya mwaka bila kumpeleka kwa mtu wa kumfariji, hao ndio ninaowatazama vibaya.

Kwa hiyo mchungaji wako awe mwema. Anatembelea wagonjwa, anakumbuka majina ya watoto wote, ni wa kwanza kufika na tochi kijana anapopotea. Orodha ile ya dalili ailete yeye, kwa upendo, kwa sababu kwa mara ya kwanza ana kitu cha kuwapa wazazi zaidi ya "tuombe." Hapo ndipo mimi nitaogopa, kwa kuwa mtu huyo ninamjua na ninampenda.

Kama unataka kitu cha kushikika mkononi, vijana wa kanisa wagawe kile kijitabu cha katuni cha 1984 cha Jack Chick, mchoraji wa katuni za kuhubiri, Dark Dungeons, kinachoenea kiganjani. Ndani yake mhusika wa binti mmoja anakufa mchezoni, wenzake wanamfukuza mezani, na binti anajinyonga. Mwaka 2014 watu walikitengenezea filamu fupi, kwa idhini ya Chick mwenyewe, wakakifuata kwa uaminifu bila kukonyeza jicho. Watazamaji walivunjika mbavu. Mwaka 1984 kuna mama alikisoma akiwa peke yake usiku na hakucheka.

Kalamu_ya_Nta

Bi Rehani, asante sana. Mchungaji wangu alikuwa na jasho mdomoni, nakiri, na hata siri nilishampangia. Kesho anaogeshwa.

Masikio, ile sini ya tundu la ukutani nimemsomea rafiki yangu kwenye simu, akanyamaza, akasema "hiyo tunaichukua." Ila pembe bado anazing'ang'ania. Sasa kaja na maafikiano: mwenye pembe aonekane, lakini machoni kwa mama tu. Ndoto, kivuli ukutani, uso wa mwanawe unaobadilika sekunde moja. Mnaonaje?

Na swali jingine. Nilitaka kuingiza na ile kesi ya shule ya chekechea ya California, McMartin, watu wa mji waiangalie kwenye habari. Nimesoma kwamba nayo ni sehemu ya wimbi hili.

Kifungu_Kidogo

Nimesomea sheria, nitalijibu la pili tu.

McMartin iache. Ni wimbi moja lakini si chumba kimoja. Shutuma kwamba walimu waliwanyanyasa watoto zilianza 1983, kesi ikaanza kusikilizwa 1987, na mpaka 1990 yote yanafutwa hakuna hata mmoja aliyetiwa hatiani. Kinachotisha pale ni namna watoto wadogo walivyohojiwa: swali linarudiwa na kurudiwa, mtoto akisema hapana anaonekana hasaidii, akisema ndiyo anasifiwa. Wakafika kusimulia mahandaki chini ya shule na watu wanaoruka. Hiyo ni filamu nzima peke yake, na ukiitia kwenye televisheni ya jikoni kama pambo, mtazamaji ataiwaza hiyo badala ya wale vijana wako wanne.

Unayopaswa kuisoma, ingawa ni ya baadaye, ni ya West Memphis, Arkansas. Mei 1993 watoto watatu wa kiume waliuawa. Wakakamatwa vijana watatu, na mbele ya baraza la wazee wa mahakama mambo wanayopenda yakawa ushahidi: nguo nyeusi za mmoja wao, Damien Echols, fulana za bendi ya Metallica, vitabu alivyosoma, maandishi yake ya daftarini. Upande wa mashitaka ukamleta shahidi mtaalamu wa mambo ya kishirikina ambaye shahada yake ya uzamivu, ilipoulizwa, ilitoka kwenye chuo cha masomo kwa posta kisichotambuliwa. Mwaka 1994 Echols akahukumiwa kifo, wenzake kifungo cha maisha. Wakatoka Agosti 2011, tena kwa makubaliano ya ajabu ya kisheria, kukiri hatia kwenye makaratasi huku wakishikilia kwamba hawakutenda. Miaka 18.

Sasa angalia kilichofanyika kisheria, kwa sababu ndicho utakachokihitaji pale kijana wako anapopotea. Ushahidi wa kawaida unauliza: ulikuwa wapi, ulishika nini, nani alikuona. Ushahidi wa namna ile unauliza: wewe ni mtu wa aina gani. Swali la kwanza unaweza kulijibu ukaenda nyumbani. La pili halina jibu, kila unachosema kinaongezwa kwenye faili. Andika sini moja ya mahojiano kwenye ofisi ya polisi. Askari mwenye adabu, kahawa mezani, karatasi ya mhusika imewekwa kati yao. "Hapa umeandika umeua watu kumi na wanne." Kijana anaanza kueleza kanuni za mchezo. Anaeleza vizuri, kwa bidii, kama anavyowaeleza wachezaji wapya. Kadiri anavyoeleza ndivyo anavyozama. Usimkatize, mwache aongee dakika nne.

Na kumbuka FBI wenyewe, kupitia mtaalamu wao Kenneth Lanning, walichapisha 1992 mwongozo kwa wapelelezi ukisema ushahidi wa mtandao wa waabudu shetani wanaoua watu haukupatikana. Soma tarehe hizo tena. Mwongozo ulikuwa tayari umetoka.

Masikio

Kifungu, hiyo ya dakika nne naiomba mimi niihariri. Bila muziki. Mlio wa taa ya dari tu.

Kalamu, maafikiano ya rafiki yako yana hila ndogo. Ukimwonyesha mwenye pembe machoni kwa mama, umemfanya mama mgonjwa wa akili, na mji mzima unapona: kumbe tatizo lilikuwa huyu mmoja, anaona mambo. Wakati Bi Rehani kakueleza kwamba hakuna aliyekuwa na wazimu. Walikuwa watu wenye akili timamu waliopewa karatasi yenye nembo ya ofisi. Mama asione kivuli chochote. Aone mwanawe akirudi shule, akitupa begi, akijifungia chumbani, kama jana, kama juzi, na mkono wake uende kwenye kalamu iliyofungwa kamba pembeni ya friji.

Santuri_Kinyume

Mmeniteka nusu, mmeniacha nusu. Naomba nijitetee kidogo kwanza, maana mnanifanya mtu wa pembe tu.

Nilitaja kupiga santuri kinyumenyume kama utani, lakini ilifika mahakamani. Reno, Nevada, 1990: familia za vijana wawili waliojipiga risasi 1985 ziliishitaki bendi ya hevi metali ya Judas Priest, kwamba ndani ya wimbo mmoja kuna maneno yaliyofichwa, "fanya hivyo." Nasema hili kwa ajili yako Masikio, ni la fani yako. Kanda zilichambuliwa njia moja moja, na jaji akaona kilichosikika ni pumzi ya mwimbaji imegongana kwa bahati na sauti ya gitaa. Mwimbaji wao Rob Halford mwenyewe alikwenda akazipiga kinyume sehemu za albamu ile mbele ya mahakama na kuonyesha zinatoa sentensi za kipuuzi, mojawapo eti mama, kiti changu kimevunjika. Ukitaka kusikia, utasikia.

Sasa pembe. Naona mahali pake, na hapavunji hoja ya mtu. Vijana wana kile kitabu cha mazimwi cha 1977. Asmodeus, mkuu wa mashetani, yumo, kaandikwa kama wengine wote: pointi za uhai 199. Elewa maana yake. Mchezo ule ulimpa shetani namba, na ukizimaliza anakufa. Basi mwenye pembe mtoe sini ya kwanza kabisa, mezani, tunavyomwona vijana wanapomsimulia: moshi, moto, sauti nzito, bajeti yote. Tuogope kweli. Na yule kijana atakayepotea baadaye, mdogo kuliko wote, anayeogopa hata kusoma kwa sauti darasani, arushe dadu ya pande 20, itue 20, ammalize. Meza nzima inapiga kelele kwa furaha.

Na hiyo kelele, Masikio, ndiyo ya kwanza kupanda kwenye lile bati lako.

Masikio

Sina la kuongeza. Isipokuwa: kelele ya furaha ikikatwa masafa ya juu, ikabaki nzito tu, huwezi kuitofautisha na ya kitu kingine. Nimeijaribu sasa hivi hapa mezani. Kalamu, nikutumie faili.

Kalamu_ya_Nta

Tuma hata usiku huu.

Rafiki yangu kasoma, kakubali, na tayari kaanza kulalamika kwamba zimwi la dakika sita za mwanzo litagharimu sawasawa na lile la dakika ishirini za mwisho. Bi Rehani, mchungaji sasa ndiye anayempata kijana, nikimaliza kuiandika nakutumia wewe kwanza uisome kabla ya mtu yeyote. Na kama kuna anayemjua fundi wa pembe ambazo haziyumbi mwigizaji anapogeuza kichwa, aniandikie.